Wiki Moja, Miaka Ishirini

Masaki, ghorofa ya tatu. Kiyoyozi kinapeperusha mikataba.
Erasto ametandaza picha: Lushoto, Bagamoyo, Kigamboni.
"Chagueni moja iwe kwenu.
Wiki moja kila mwaka, miaka ishirini."

Baba Shani anataka Lushoto,
apate pa kuvalia lile koti.
Shani anauliza bwawa lina kina gani.
Mimi nahesabu:
mkataba ukiisha, Shani ana ishirini na saba.
Atakuja na nani?
Na mama, na goti lake,
ngazi za mlimani atazipanda mara ngapi?

Naweka kidole Kigamboni.
Erasto anacheka.
"Mama, hapo si mnavuka asubuhi, jioni mmerudi?"

Ndiyo, mwanangu.
Kuna mwaka utakuja umekunja uso.
Nauli ya pantoni hatutaikosa.