Peni Yenye Tundu

Mzee Wilf Thirkettle ana daftari la jalada la kijani
lililovimba kwa unyevu na udongo wa Swaffham.
Kila Jumapili, kabla hajaandika alichookota,
huandika kwanza magari mangapi yalikuwa langoni.

Mimi huja saa mbili asubuhi kumpa dawa
na kumfunga viatu, maana kiuno kimekataa kuinama.
Ndipo hunisomea, taratibu,
kama mtu asomaye hesabu ya mahari.

Sabini na sita: magari mawili.
La kwake, na la Cyril Bunn fundi wa redio,
aliyeunda kigunduzi kwa mpini wa ufagio na sahani ya plastiki.
Watu wakipita barabarani walipunguza mwendo
wawaone wanaume wazima wakifagia shamba.

Sabini na tisa: magari thelathini na moja.
Mashine zimeshuka bei,
kila mwenye mshahara kanunua sikio la kusikia chini.
Mlio huku, mlio kule, konde zima linalia kama vifaranga.

"Kisha?"
"Kisha wakachoka.
Udongo hautoi dhahabu kwa mwenye haraka.
Hutoa vipete vya makopo ya bia,
vifungo, risasi zilizowakosa kwale."

Themanini na nane: manne.
Tisini na tatu: moja, na mvua.
Hapo Cyril alikuwa amekwisha kuzikwa.

Halafu mtu wa kijiji cha pili akafukua chungu cha fedha,
akaonekana kwenye televisheni na matope usoni,
na Jumapili iliyofuata, hamsini na nane!
Wengine walitoka Leeds, walilala kwenye mahema.
Bi Gathercole, mwenye shamba, alikaa langoni na kopo la biskuti,
kichwa kimoja pauni tano, mbwa bure.

Baada yao wakaja wa usiku, wenye tochi.
Waliacha mashimo wazi, mtamba akavunjika mguu.
Ukurasa huo una mstari mmoja tu:
*Magari: hakuna. Lango: mnyororo.*

Miaka saba ya mnyororo.

Sasa wamerudi, vijana,
wanajipiga picha kabla hawajachimba.
Nilidhani atawabeza. Hakuwabeza.
Alinieleza juu ya binti mmoja, Tamsin,
aliyeokota subana ya mshonaji, akaivaa kidoleni,
akashindwa kusema neno mpaka jua likazama.

Nikamwambia, kwetu Tanga husema
mgagaa na upwa hali wali mkavu.
Nikamfasiria, kwa shida kidogo.
Akafikiri, akamung'unya mkate wake.
"Miaka hamsini nimekula mkavu," akasema,
"lakini kugagaa, nimegagaa."

Siku hiyo akafungua mkebe wa tumbaku
wa vitu visivyo na thamani.
Namba mia mbili na kumi na mbili,
siku ile ya magari thelathini na moja:
*Washa. Shaba. Upande wa mashariki.*
Nikaichukua, nikaisugua kwa ute wa kidole gumba.
Zikatokea pembe mbili za ndovu,
zimelikumbatia tundu.

"Hii si washa. Hii ni peni."
"Peni haina tundu, mwanangu."
"Ya kwetu inalo."
Bibi yangu alizitunga kwenye uzi
akazificha ndani ya mto, tukilala zikisema.
Nani aliileta huku? Askari? Baharia? Mfuko gani ulitoboka,
mwaka gani, katikati ya viazi sukari vya Norfolk?
Wilf hajui. Mimi sijui.
Peni yenyewe inanuka chuma na tumbaku.

Akachukua kalamu, akakata *washa*,
akaniuliza herufi moja moja.
P. E. N. I.
Akaandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kisha, kwa kuwa ilikuwa Jumapili,
akageuza ukurasa mpya, akaweka tarehe.
"Magari mangapi leo?"
Nikatazama dirishani.
"Mimi nimekuja kwa baiskeli."

"Basi," akasema, "tunaandika baiskeli."