Kundi Maalumu

Nilikuwa nimeshazima mashine ya fotokopi
Kabula Shigela alipoingia steshenari,
mvua ya mchana ikimchuruzika mabegani,
bahasha ya kaki kaificha kifuani kama kifaranga.
"Nijazie," akasema. "Wanataka herufi kubwa."

Jina la ukoo. Visanduku kumi na viwili, tukatosha.
Swali la nne: mahali pote ulipoishi
tangu kuzaliwa hata leo, bila kuacha pengo.
Akahesabu kwa vidole:
Magu, kwa bibi.
Igogo, juu ya jiwe.
Igogo tena, juu ya jiwe jingine,
kodi ya lile la kwanza ilipopanda.
Mabatini, mwaka ule wa mafuriko.
Kirumba, chumba cha nyuma ya kanisa.
"Namba ya nyumba ya Igogo?"
"Andika JIWE," akasema. "Nyumba zimebomolewa.
Lenyewe halijahama."

Swali la tisa nililisoma mara tatu:
eleza kwa nini unaomba chini ya kundi maalumu.
Akacheka, kiganja mdomoni.
Miaka kumi na saba amewafundisha viziwi zaburi kwa mikono,
benchi la mwisho, karibu na mlango,
palipovuja,
na hakuna aliyewahi kumwita maalumu.
Mhasibu wa kanisa alimwita "wa kujitolea",
kisha akafunga droo.
Sasa kanisa la mbali, mji wa theluji,
limeiona mikono ile kwenye video ya mtu,
limeandika barua, muhuri umetuna karatasini:
tunamhitaji huyu.
"Andika hivi," akaniambia,
halafu akaeleza kwa mikono, mwendo mrefu,
akasahau kuwa mimi nasikia tu.

Mara mbili wamemrudisha kwa sababu ya vidole.
Ujana wake ulibaki kiwandani Ilemela,
zamu ya usiku, kisu na barafu,
akitoa minofu ya sangara;
klorini ikalamba ncha za vidole taratibu
mpaka mashine ya alama ikamwangalia ikasema
hapa hakuna mtu.

Sangara hakuambiwa hivyo.
Naye alikuja ziwani mgeni, kabebwa,
akawala furu, akawamaliza wenyeji,
akawa mwenyeji.
Kila usiku anapata cheti cha afya, muhuri
na nafasi kwenye ndege, amelala kwenye boksi jeupe.
Na magugu maji, nani aliyeyahoji?
Yamepanga Mwaloni miaka yote hii,
hayalipi, hayafukuziki,
yanatoa na maua.

"Makazi ya kudumu," nikasoma, nikipiga chapa.
"Polepole," akasema. "Mama akilisikia neno hilo
anauliza nani kafa."

Mlangoni alisimama mtoto, Lukelesha,
sare ya shule imelowa, miaka tisa labda.
Alikuwa ananitazama midomo muda wote
kumbe ameshaokota kitu.
Akauliza kwa mikono. Swali fupi,
vidole viwili vikiondoka juu ya kiganja.
Kabula hakujibu upesi.
Alichukua kalamu yangu, akairudisha,
akapangusa meza palipokuwa hapana maji.
Ndipo akajibu, na jibu lilikuwa refu,
na katikati yake mtoto akafumba macho,
maana ndivyo kiziwi anavyokataa kusikia.

Saini ikae ndani ya mstari.
Yake ilitoka nje, herufi ya mwisho.
Tukachapa upya ukurasa wa sita.
Elfu tatu na mia tano; nikachukua elfu tatu.
Wakashuka kuelekea Makoroboi, yeye mbele,
mtoto nyuma hatua nne,
mikono yake mifukoni, yote miwili.

Ule ukurasa ulioharibika ninao.
Upande mmoja: IGOGO, JIWE. IGOGO, JIWE LINGINE.
Upande wa pili nimeandika deni la wino.