Mstari wa Kumi na Saba

Ukurasa wa arobaini, mstari wa kumi na saba:
"Ni mimi niliyefungua ghala."
Narudisha kanda nyuma. Feni ya Kisutu inakoroma,
honi ya bodaboda, kikohozi cha karani,
halafu Mwanahawa, chini chini:
Si mimi.

Herufi moja. Miaka mitano.

Kanuni nazijua: pambizo inchi moja na nusu,
mistari ihesabiwe, lugha ya shahidi isisafishwe,
akisema "nlikuwa" ibaki "nlikuwa".
Nafuta N. Naweka S.
Natia sahihi ndogo pembeni.

Kabla ya jibu alinyamaza, sekunde nne.
Kwa hilo mwongozo umenipa neno moja tu,
ndani ya mabano: (kimya).

Naliandika. Nalitazama.
Halitoshi,
ila tahajia yake ni sahihi.