Kiti cha Bwana Afya

Tulimwita Bwana Afya kwa sababu ya ukaguzi.
Hakuna sufuria iliyofunikwa katika nyumba hii ya Pasua
ambayo hakuipitia kwanza kwa pua,
hakuna kibao, hakuna mwiko,
utadhani ametumwa na manispaa, ana mhuri na risiti.

Mimi napika chapati za watu.
Sitini kila alfajiri, themanini Jumatatu.
Siku moja Mzee Kileo wa kantini akanirudishia moja,
kaikunja ndani ya gazeti kama barua ya posa,
na katikati yake unyoya mmoja, rangi ya chungwa.
Hakusema neno. Wazee wa huku
wakikasirika kweli hukuzidishia heshima.

Vita nikaianza siku hiyohiyo.
Nilimrushia maji kwa chupa ya kunyunyizia nguo:
akajifunza kunikimbia mimi, si kaunta.
Nikatandaza maganda ya machungwa:
akayasukuma moja moja, akashuka kuyatazama yalivyoanguka,
akapanda tena.
Nikapanga vifuniko ukingoni vimshtue.
Saa nane usiku vikaporomoka,
na Mama Nkya akauliza kupitia dirishani
kama tumeingiliwa na wezi
au ni mimi nimepanda wazimu wa hamira.

Mchape, alisema shemeji.
Ukimchapa paka unamfundisha jambo moja tu:
kwamba kuna saa wewe unalala.

Aliyenipa akili ni kijana wa dawa za mifugo, Kiboriloni.
Alikuwa anampimia mtu dawa ya kupe,
hata kichwa hakuinua.
"Mama, paka haitaki kaunta yako. Anataka juu.
Na joto. Na pa kuchungulia. Mpe vya kwake."

Nikarudi, nikaegemeza shavu pale alipokuwa akilala.
Kweli, saruji ilikuwa na uvuguvugu wa jiko,
na Julai hii baridi ya mlimani inashuka hadi kwenye mifupa ya vijiko.
Kweli, dirisha: mgomba, na chiriku wawili wakigombana.
Miaka kumi na mitano nasukuma chapati hapa
sijawahi kuwaona hao chiriku.

Basi: kreti la soda, juu yake kreti jingine,
juu yake sweta la shule la Aikande, lile la kijani,
karibu na jiko, chini ya dirisha.
Akipanda pale, dagaa mmoja.
Akipanda kaunta, namshusha. Sisemi, simtazami,
kama mtu anayeondoa sahani.
Namshusha kwa viwiko, mikono ina unga.
Namshusha. Kufika mara ya arobaini
niliacha kuhesabu.

Wiki ya tatu akaweka mguu mmoja juu ya kaunta,
akanitazama,
akauondoa mwenyewe.
Nilifurahi kuliko siku ya kipaimara changu.

Juzi Aikande kaingia na basi la usiku, bila kupiga simu,
begi moja, macho mekundu.
Akaruka akaketi juu ya kaunta,
kaunta yangu, kando ya unga, miguu ikining'inia
kama alivyokuwa akikaa darasa la tatu.
Akasema, "Mama, chuoni sirudi."

Nikaendelea kusukuma. Ya kumi na saba. Ya kumi na nane.
Akanieleza yote, mengine mara mbili,
la mwisho kwa sauti ndogo sana
hata nikazima jiko nimsikie.

Na Bwana Afya, juu ya kreti zake, juu ya sweta lile,
alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamrudia yeye,
mkia ukigonga plastiki taratibu:
na huyu je?

Sikuwa na jibu la kisheria.
Nikafungua kopo, nikampa dagaa wawili, kwa uvumilivu wake.
Ya moto kuliko zote nikampa aliye juu ya kaunta.

Asubuhi ile kantini ilipata hamsini na tisa.