Mkwaju

Saa tisa za usiku, Tartu, theluji imeziba dirisha.
Leelo anapitisha kidole juu ya faili ya usanidi,
mstari kwa mstari, kama achambuaye mchele.
Huduma imewaka. Lango liko wazi.
Lakini kila abishaye hodi hujibiwa
mia nne na nne: hakipo.

Hospitalini, majibu ya damu yamejipanga foleni.

Amezima, amewasha. Amefuta, amewasha tena.
Programu ni ya wote, kwa hiyo hana wa kumgombeza;
aliyeisuka sehemu hii, sijui Peru, sijui Korea,
juu ya mstari wa tisini aliacha neno moja: *Samahani.*

Kumbukumbu zinabubujika makosa, kurasa mia tatu,
na ukweli umo humo, nusu mstari:
anwani imeishia njiani, haina mkwaju.
Si mti, huko hauoti. Kijiti tu,
kimeinama kama mlevi aliyekosa ukuta.

Anakichomeka. Anawasha. Anashika pumzi.
Mia mbili.
Majibu yanapita, jina baada ya jina; Leelo hayasomi.
Chai imepoa zamani.

Kabla ya kufunga, chini ya ile *Samahani*
anaandika: *Si neno.*