Kalenda ya Jikoni

Daktari Sobczak alilitaja neno lenyewe
kisha akanyamaza, akasogeza kalamu mezani,
kana kwamba neno lile lilihitaji pa kukaa.
Utumbo mpana. Awamu kumi na mbili.
Mimi nilikuwa natazama kiatu chake:
kamba ya kushoto ilikuwa imefunguka.

Zygfryd alinishika mkono hadi kituo cha tramu.
Mume wangu ni fundi kufuli;
mlango usiofunguka huuendea polepole,
hauulizi kwa nini.

Jikoni kwetu, Łódź, ghorofa ya tatu,
ipo kalenda ya kuchana, nene kama mkate.
Kila karatasi siku moja: jua latoka lini, lazama lini,
na majina ya wenye siku yao.
Februari kumi ni ya akina Skolastika.
Simjui Skolastika hata mmoja.
Nikamwambia: hodi, dada, napita kwako.
Jioni nikaichana.

Msinihesabie kumi na mbili.
Miaka thelathini na mmoja nimesimama kiwandani,
najua jora halifumwi kwa kulikodolea macho.
Uzi waenda, uzi warudi.
Ukikatika, unapiga fundo.

Dawa hii ina uadui na baridi.
Nikigusa chuma, vidole vinaruka cheche;
maji ya bomba yanashuka kooni kama vigae vya chupa.
Na nje theluji, wee, hadi madirishani!
Basi mwenye friji sasa ni Zygfryd.
Maziwa huyatoa alfajiri yapoteze ubaridi,
na kitasa cha mlango amekivika soksi ya sufu.

Siku mbili nalala na pampu kiunoni,
inanong'ona kama panya mwenye haya.
Ya tatu natapika. Ya nne natapika na kutukana.
Ya nne hiyo ikaangukia kwa akina Walenti:
akaniletea waridi, harufu yake ikanikimbiza msalani.
Tulicheka, mimi nimekumbatia choo,
yeye kakaa ukingoni mwa bafu na waridi lake.

"Utapona?" wananiuliza.
Niulizeni ya leo.
Leo nimekula viazi viwili.
Leo nimepanda ngazi, nikapumzika mara moja tu,
kwenye kiti alichokiweka Bi Pelagia nje ya mlango wake
bila kusema ni cha nani.

Usiku hofu huja. Siifukuzi tena.
Naisogezea blanketi, ilale upande wa ukutani.

Machi nne, ya akina Kazimieri.
Jua: saa kumi na mbili na dakika ishirini.
Nililisubiri, likaja, limechelewa kidogo nyuma ya mabomba ya moshi.
Mgongoni mwa karatasi kuna upishi wa keki,
mayai manane.
Zygfryd kafungua friji, kahesabu kwa sauti:
tunayo matano.

Haya, ya matano.