Bei kwa Siku

Kwenye duka langu la ushonaji, Łódź, mtaa wa Wólczańska,
huanza kwa kuigeuza nguo ndani nje.
Sitazami rangi. Rangi ni maneno ya mchumba.
Natazama mshono wa kwapa,
na akiba ya kitambaa iliyoachwa ndani:
kama aliyeikata aliwaza kwamba mtu hunenepa, hukonda,
au hakuwaza lolote.

Bibi Bogumiła kaleta tena lile koti la kijivu
alilonunua enzi za zamu ya usiku kiwandani,
mshahara wa miezi miwili; mumewe alinuna hadi Pasaka.
Bitana hii ni ya nne. Vifungo, mara ya tatu.
Kola niliigeuza mwenyewe, mwaka wa mafua makali.
“Walenty, nimepiga hesabu kwenye tramu.
Majira ya baridi thelathini na nane,
siku mia kila majira.
Halijafika hata bei ya kipande cha mkate kwa siku!”
Sikumwambia kwamba kasahau kunihesabu mimi.

Kisha Kinga, mwanafunzi, pua nyekundu,
na jaketi ambalo zipu yake imegoma.
Nikamtajia bei ya zipu, akacheka:
“Jaketi zima lilikuwa nusu ya hapo.”
Nikaligeuza. Gundi mahali pa uzi,
mshono umepita mbio kama mwizi.
Rahisi ghali, nilitaka kusema,
ila viatu vyake vilikuwa vinachuruzika maji,
na mwenye zloti thelathini
hanunui majira thelathini na nane.
Hununua jioni hii.
Nikamchomolea zipu kwenye koti la mteja ambaye hakurudi.
Alilipa bei ya kahawa, na kahawa yenyewe si nzuri.

Usiku, baada ya kufunga, nikaufungua ule mfuko.
Suti ya buluu, sufu tupu,
niliyoishona nikiwa na miaka thelathini na mbili,
kazi bora kuliko zote za mikono hii.
Nikaiweka ingoje siku yake.
Arusi ya dada: ilinyesha mvua.
Ubatizo wa mpwa: watoto, mchuzi, hapana.
Mazishi ya baba yalitaka nyeusi.
Chukua bei yake, igawe kwa sifuri;
hata mwalimu wa hisabati atakuomba uketi.

Akiba haiozi, ndivyo isemwavyo.
Nondo hawajaisikia methali hiyo.
Tundu moja kiwikoni, kama punje ya dengu.
Nikalitililia polepole, miwani puani.
Kiuno hakikufunga, bila shaka,
lakini yule kijana aliacha akiba,
vidole viwili kila upande.
Alijua nitanenepa. Hakujua nitaogopa.

Nikalegeza mshono, nikaivaa.
Ilikuwa Jumanne, theluji imegeuka tope,
nikashuka ngazi nne na ndoo ya taka,
maganda ya viazi yakinuka,
na pale chini, mlangoni, nikahesabu kwa sauti:
moja.